Sura ya Sita: Hema Likishang'olewa

Mwaka 1929 jarida la kitabibu la Uingereza, The Lancet, lilichapisha makala fupi ya daktari aliyefanya kazi katika hospitali ya wenyeji huko South Kavirondo, upande wa mashariki wa Ziwa Victoria, nchi ambayo leo imegawanywa katika kaunti za Kisii, Nyamira, Homa Bay na Migori. Jina lake C. P. Donnison. Katika miaka miwili walilazwa hospitalini humo wagonjwa wapatao 1,800, na katika hao wote hakukuta hata mmoja mwenye presha ya kupanda. Hakuishia wodini. Aliwapima pia wanaume 1,000 wazima wa afya. Huko kwao Ulaya ilijulikana kwamba umri ukisogea, presha nayo hupanda. Kwa wanaume wa South Kavirondo waliovuka miaka 40 haikupanda. Ilielekea kushuka.

Naanza na Donnison kwa sababu kivuli cha kipimo chake kingali kinatembea. Nenda kwenye harusi, nenda matangani, kaa na watu wazima barazani: utasikia kwamba presha ni maradhi ya matajiri, ya watu wa mjini, ya wenye vitambi. Mkulima anayeamka alfajiri na jembe begani, presha ataipatia wapi? Vipimo vya Donnison sina sababu ya kuvitilia shaka. Kosa ni la waliovisoma wakadhani vinaeleza damu ya Mwafrika, kana kwamba tulizaliwa na kinga.

Jibu lilitoka huko huko kando ya ziwa, nusu karne baadaye. Katika miaka ya 1980 daktari Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia Wajaluo waliokuwa wakihama vijijini, ambako presha ilikuwa bado ya chini, kwenda kutafuta maisha Nairobi. Waliwapima waliohama na waliobaki, wakaendelea nao kwa muda wa hadi miaka 2. Matokeo yalitoka katika jarida la BMJ mwaka 1990. Waliohama presha yao ilikuwa juu kuliko ya ndugu zao waliobaki nyumbani, na tofauti hiyo haikungoja miaka kujionyesha. Mapigo ya moyo yalikuwa ya kasi zaidi, uzito umeongezeka, na mkojo ulieleza mengine: chumvi imezidi, potasiamu, yale madini tunayoyapata kwenye mboga za majani, ndizi, viazi na maharage, imepungua. Watu ni wale wale, ukoo ule ule. Kilichobadilika ni sahani, usingizi na mwendo wa siku.

Leo hata asiyehama amehamiwa. Mkate, chipsi, mafuta ya kupikia na vikolezo vya pakiti vyenye chumvi nyingi vimefika mpaka duka la mwisho la kijiji, na pikipiki imechukua nafasi ya miguu. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015, uliohusu watu wa miaka 18 hadi 69, ulikuta presha ya juu kwa karibu mtu mmoja kati ya wanne. Lakini idadi hiyo siyo inayonikosesha raha. Kinachonikosesha raha ni kile kinachofuata. Katika waliokutwa na presha, waliokuwa wakijua ni asilimia 15.6 tu. Katika hao waliojua, waliokuwa kwenye dawa ni asilimia 26.9. Katika waliokuwa kwenye dawa, presha ilikuwa imeshuka inavyotakiwa kwa asilimia 51.7. Tuyaweke pamoja. Chukua Wakenya 1,000 wenye presha: wanaojua ni 156. Wanaotumia dawa ni kama 42. Ambao dawa hiyo inawasaidia kweli ni kama 22. Waliobaki, 978, kila siku wanasogea kuelekea kiharusi, moyo kushindwa kazi au figo kufa, na wengi wao hawana habari.

Mtu akiziona tarakimu hizi, wazo la kwanza humjia lenyewe: tuwapime watu. Ni wazo jema. Mashine ya presha haina sindano wala damu, na majibu yanatoka papo hapo. Ndiyo maana kila Mei 17, Siku ya Presha Duniani, mahema hupigwa sokoni, uwanjani, kanisani na msikitini. Poulter mwenyewe, yule wa Nairobi, ndiye aliyeongoza kampeni ya kimataifa iliyoanza mwaka 2017 ya kupima presha mwezi wa Mei katika nchi nyingi duniani. Foleni huwa ndefu, wazee hukunja mikono ya mashati, picha hupigwa. Jioni hema linang'olewa.

Na hapo ndipo sura hii inapoanzia hasa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti walipita mitaa ya Dar es Salaam nyumba kwa nyumba, wakapima watu wazima zaidi ya 9,000. Hawakuridhika na kipimo cha siku moja. Waliokutwa na presha ya juu sana, na hawako kwenye dawa, walirudiwa mara kadhaa katika wiki zilizofuata. La kwanza walilojifunza ni kwamba wengi presha yao ilishuka yenyewe kipimo kiliporudiwa. Mtu aliyetoka kupanda ngazi, aliyeshtushwa na wageni wenye mashine mlangoni, au anayepimwa kwa mara ya kwanza maishani, presha yake siku hiyo si ya kumhukumu nayo. La pili ndilo lililonifanya niandike sura hii. Wale ambao presha ilibaki juu baada ya vipimo vyote walielezwa hali yao, wakashauriwa waende kituo cha afya. Mwaka mmoja baadaye waliulizwa. Waliokuwa wamekwenda hata mara moja walikuwa takriban theluthi moja. Waliokuwa wakiendelea na dawa walikuwa wachache mno, wa kuhesabika.

Usikimbilie kuwalaumu. Mazungumzo kwenye hema, popote pale Afrika Mashariki, huenda hivi:

"Mzee, presha yako iko juu. 172 kwa 104."

"Mbona sisikii kitu, binti yangu? Hata kichwa hakiniumi."

"Ndivyo ilivyo, baba. Haiumi. Lakini nenda zahanati, usikae nayo."

"Haya, mwanangu. Nitakwenda."

Na anaposema atakwenda, anamaanisha. Ila zahanati ina kliniki ya presha siku moja kwa wiki, na siku hiyo ni siku ya soko. Nauli ya boda kwenda na kurudi ni pesa ya unga. Akifika atakaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa nane mchana, atapimwa, ataambiwa maneno yale yale aliyoambiwa hemani, kisha ataandikiwa karatasi: dawa zimekwisha, kanunue nje. Dukani atanunua vidonge vya wiki mbili, kwa kuwa ndivyo mfuko unavyoruhusu. Vikiisha atajisikiliza. Haumwi popote, na wiki mbili zilizopita hakuwa anaumwa popote vilevile. Kwa hesabu za nyumba yake, kuacha ni uamuzi wa mtu mwenye akili. Sisi tuliompima tukamwachia karatasi ndio tuliomwekea mtihani asioweza kuushinda.

Je, mtihani huo unaweza kuondolewa? Ndiyo, na ushahidi upo, tena sehemu yake ulipatikana katika nchi ile ile ya Donnison.

Kati ya mwaka 2013 na 2017 ulifanyika utafiti mkubwa uitwao SEARCH, ukiongozwa na Diane Havlir wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na Moses Kamya wa Makerere, pamoja na wenzao wa Kenya. Jamii 32 za vijijini zilishiriki, 20 za Uganda na 12 za magharibi mwa Kenya, kila moja yenye watu wapatao 10,000. Lengo kuu lilikuwa VVU, lakini waliopanga utafiti walikuwa na hekima ya kutambua kwamba hema la VVU peke yake humwaibisha anayeingia. Basi wakapiga hema la kila kitu. Mtu alisajiliwa kwa alama ya kidole, akapita meza baada ya meza: presha, sukari, malaria, kifua kikuu, VVU. Aliyeonekana akitoka humo, jirani hakujua amefuata nini. Wasiofika walifuatwa nyumbani. Karibu watu wazima 9 kati ya 10 walipimwa.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye uzito. Hema hilo la mwanzo lilipigwa katika jamii zote 32. Wote walipimwa, wote waliokutwa na presha waliambiwa. Nusu ya jamii ziliachwa ziendelee na huduma ya kawaida ya nchi. Nusu nyingine walipata hema kila mwaka, na zaidi ya hapo walijengewa njia ya kutoka hemani hadi kwenye kidonge: mgonjwa alipangiwa siku yake kabla hajaondoka, alipewa nauli ya safari ya kwanza, alipewa namba ya simu ya kliniki, akakuta foleni fupi, na hali yake ikitulia alirudi baada ya miezi 3 badala ya kila mwezi. Presha, sukari na VVU vilitibiwa chini ya paa moja. Baada ya miaka 3, katika jamii zilizojengewa njia, presha ilikuwa imedhibitiwa kwa asilimia 47 ya wenye presha. Katika zile nyingine ni asilimia 37. Vifo navyo vilifuatiliwa. Miongoni mwa waliokuwa na presha isiyodhibitiwa mwanzoni, vilipungua kwa takriban moja ya tano penye huduma hiyo.

Asilimia 47 maana yake ni kwamba zaidi ya nusu bado hawakufika, na hilo lisifichwe. Hata hivyo linganisha na wale 22 katika 1,000. Na hakuna dawa mpya iliyotumika. Ni vidonge vile vile vya bei nafuu vilivyo katika orodha ya dawa muhimu. Kilichoongezwa ni adabu katika kumhudumia mtu.

Somo hilo hilo limepatikana mbali sana na Ziwa Victoria, kwenye maduka ya vinyozi ya Marekani. Daktari Ronald Victor alijua kwamba wanaume weusi wa nchi hiyo hufa kwa presha zaidi kuliko wenzao, na kwamba wengi hawaendi hospitali ila kwa kinyozi hawakosi. Kwanza, huko Dallas, aliwafundisha vinyozi kupima presha za wateja na kuwahimiza wakamwone daktari. Faida ilionekana, lakini kidogo. Kisha, Los Angeles, akaongeza jambo moja: mfamasia aliyekuja pale pale kinyozini, akaandika dawa, akaifuatilia na kuiongeza kila ilipobidi. Maduka 52 ya vinyozi, wanaume 319. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Kwa miezi 6, kipimo cha juu kilishuka kwa wastani wa pointi 27 kwa waliopata mfamasia, na pointi 9.3 kwa waliohimizwa tu na kinyozi wao waende kwa daktari. Waliofika chini ya 130 kwa 80 walikuwa asilimia 63.6 upande mmoja na 11.7 upande wa pili. Kiti ni kile kile, kinyozi ni yule yule. Tofauti ni dawa kumfuata mtu alipo. Victor alifariki mwaka huo huo, na sidhani kuna aliyeeleza jambo hili kwa uwazi kumshinda.

Hapa Afrika Mashariki dawa yenyewe tunaijua vizuri kuliko watu wanavyofikiri. Utafiti uitwao CREOLE, uliotoka mwaka 2019, ulihusisha wagonjwa 728 katika nchi 6 za Afrika kusini mwa Sahara, Kenya na Uganda zikiwemo. Ulilinganisha namna tatu za kuchanganya dawa mbili mbili tangu mwanzo. Michanganyiko yenye amlodipine, ambayo hulegeza mishipa ya damu ipanuke, iliushinda ule usio nayo. Mojawapo ya iliyoshinda ni amlodipine pamoja na hydrochlorothiazide, ambayo husaidia figo kutoa chumvi na maji. Ni vidonge vya zamani, vya bei ya chini, vinavyoweza kuandikwa na muuguzi au tabibu aliyefundishwa akiwa na mwongozo wa ukurasa mmoja mbele yake. China ilithibitisha hilo kwa kiwango kikubwa: katika vijiji 326, matabibu wa kijijini ambao si madaktari kamili walipewa mwongozo rahisi na usimamizi, na baada ya miezi 18 presha ilikuwa imedhibitiwa kwa asilimia 57 ya wagonjwa wao. Katika vijiji vya kulinganisha, chini ya 20.

Anayeandika dawa hizo aseme pia yale ambayo wagonjwa huyanong'ona wao kwa wao. Amlodipine huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Dawa za jamii ya enalapril na lisinopril huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu. Hydrochlorothiazide itamwamsha usiku akiinywa jioni, kwa hiyo ainywe asubuhi. Na wanaume wana hofu moja wasiyoitaja mbele ya muuguzi kijana: nguvu za kiume. Presha yenyewe, ikiachwa, huharibu mishipa inayohusika na jambo hilo, na dawa zikileta shida zinabadilishika. Mwanaume asipoambiwa haya mapema, siku atakapohisi tofauti yoyote atavitupa vidonge na hatarudi kueleza. Wengi tumewapoteza hivyo, kwa haya yetu sisi watoa huduma na yao.

Kwenye kipimo chenyewe, kwa kuwa makosa yake ni mengi na yanarekebishika leo: mtu akae dakika 5 kabla ya kupimwa, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini, asiikunje. Mkono ukae juu ya meza usawa wa moyo. Asiwe ametoka kuvuta sigara wala kunywa kahawa, na kibofu kisiwe kimejaa. Mkanda uvikwe kwenye ngozi, si juu ya sweta, na uwe wa saizi ya mkono wake, kwa maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba kwa uongo. Asiongee, wala asiongeleshwe. Apimwe mara mbili au tatu. Ikionekana 140 kwa 90 au zaidi, arudi siku nyingine, isipokuwa iwe juu mno au awe na dalili kama maumivu ya kifua, kuhema kwa shida, mdomo kwenda upande au mkono kulegea ghafla. Huyo wa mwisho hahitaji foleni wala ushauri, anahitaji gari la kumpeleka hospitali saa ile ile.

Kenya sasa ina fursa ambayo Donnison asingeiota. Mwaka 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, na mikoba waliyopewa ina mashine ya presha. Maana yake mtu anayejulikana kijijini kwa jina la mama yake anaweza kupita nyumba kumi kwa siku na kupima. SEARCH nao wamesonga mbele kwa mtindo huo Kenya na Uganda: mhudumu anampima mgonjwa nyumbani kwake, tabibu anazungumza naye kwa simu, na dawa inamfikia hapo hapo. Lakini mkoba wenye mashine bila dawa katika kabati la zahanati utatuzalishia Dar es Salaam nyingine, mara hii nchi nzima. Tumeona pia jinsi nguzo za nje zinavyoweza kuondoka: Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, kliniki za VVU zilizoifundisha Nyanza, eneo lile la kando ya ziwa, namna ya kumtunza mgonjwa wa maisha zilitikisika. Vidonge vya presha ni vya bei ndogo kiasi kwamba hakuna sababu ya kaunti wala halmashauri kuvisubiri kutoka ng'ambo. Viwekwe kwenye bajeti, vihesabiwe kila mwezi, na mkuu wa zahanati aulizwe vinapokosekana kama anavyoulizwa chanjo zinapokosekana.

Ripoti za kampeni zetu hujaza ukurasa wa kwanza kwa idadi ya waliopimwa. Ningependa idadi hiyo ishushwe hadi mwisho wa ripoti, na juu iandikwe nyingine: katika waliokutwa na presha mwaka jana, ni wangapi leo wako chini ya 140 kwa 90? Afisa asiyeweza kulijibu swali hilo bado hajafanya kazi aliyotumwa.

Wewe unayesoma, kama umefikisha miaka 18 na hujapimwa mwaka huu, kapime. Ukianzishiwa dawa usiiache kwa sababu umejisikia nafuu. Rudi umwambie aliyekuandikia. Na kama wewe ni mwenyekiti wa chama, imamu, mchungaji au kiongozi wa mtaa unayetaka kuleta hema kwenu, tafadhali nenda kwanza kwenye zahanati iliyo karibu. Muulize msimamizi ana vidonge vya miezi mingapi, ni siku gani atawapokea watu wako, na ni nani atakayewapigia simu wasipofika. Akikosa majibu, ahirisha hema, kisha mfuateni diwani wenu pamoja mpaka majibu yapatikane.